Mpumbu Apiga Hodi Mweru

Wanangu, mkifika Kashikishi jioni, pale Nchelenge kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, mtasikia neno mnalolijua. Mtu husimama uani, hasogei hata hatua moja zaidi, anaita: "Odi!" Ndani wanaitikia: "Kalibu, mukwai!" Ni Kibemba hicho, na mukwai ni neno lao la heshima, lakini sisi tuliolelewa kwa hodi na karibu hatuhitaji mkalimani. Siku yangu ya kwanza kule Zambia neno hilo lilinituliza moyo kuliko chakula nilichopewa.

Hodi ina adabu zake. Unaita ukiwa nje. Ukiulizwa nani, hujibu "mimi" ukanyamaza; unataja jina. Ukiita mara tatu pakawa kimya, unarudi ulikotoka. Leo nawasimulia hodi inayopigwa kwa vidole, kwenye kompyuta moja inayotumiwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Mtaona adabu zake ni karibu zilezile.

Ilikuwa likizo ya Agosti, siku chache baada ya Mutomboko, sherehe kubwa ya Mwata Kazembe inayofanyika Mwansabombwe kila mwisho wa Julai. Nilikuwa mgeni katika nyumba yenye watoto watatu: kaka wa miaka 14, dada yake wa miaka 11, na binamu yao aliye katikati. Mama yao alizaliwa Pweto, upande wa Kongo, kwa hiyo Kiswahili wamekinyonya pamoja na maziwa. Nilikuwa na kompyuta ya mapajani, kuukuu lakini yenye betri nzima. Iligombaniwa tangu asubuhi. Kaka ameikalia, binamu anamvuta shati, mdogo analia kwamba zamu yake haifiki.

Nikawaambia: itumieni wote watatu, sasa hivi, kwa pamoja.

Wakanitazama kama mzee aliyechanganyikiwa.

Nikawauliza kama wamewahi kumwangalia vizuri mama anayeuza chisense pale sokoni. Chisense ni dagaa wa Mweru, wadogo, wakikaushwa hung'aa kama vipande vya bati. Mama yule ana kopo moja tu la kupimia. Wateja wamemzunguka sita. Huyu anapotafuta noti mfukoni, kopo limeshampimia yule. Yule anapofungua mfuko wake, kopo limeshahamia kwa wa tatu. Kila mteja anaondoka akiamini amehudumiwa peke yake. Kompyuta nayo ni hivyo, ila mwendo wake hauna mfano. Kati ya herufi moja unayobonyeza na herufi inayofuata, mashine inakaa bure kwa muda ambao kwake ni kama msimu mzima. Muda huo huutumia kumhudumia mwingine.

Jambo hili lilihitaji watu kulifikiri kwanza. Zamani kompyuta ilikuwa kubwa kama chumba, na aliyetaka kuitumia alitoboa kazi yake kwenye kadi, akazikabidhi, akarudi hata kesho yake kuchukua majibu. Mwezi wa Novemba 1961, katika chuo cha MIT kule Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ambao watu kadhaa waliketi kila mmoja kwenye mashine yake ya kuchapa, zote zimeungwa kwa waya na kompyuta moja, na kila mmoja akajibiwa papo hapo. Ile mashine ya kuchapa iliyo mwisho wa waya ndiyo terminali. Yenyewe haifikirii. Inachukua unachoandika, inakipeleka, inakuletea jibu. Za kwanza ziliandika kwenye karatasi. Kioo kilikuja baadaye.

Simu za watu wazima wa nyumba ile tukazifanya terminali zetu. Nilikuwa nimeweka programu ndogo kwenye kila simu. Simu moja ikawasha mtandao wake wa Wi-Fi, nyingine zikaungana nayo, kompyuta pia ikaungana. Hatukununua bando, hatukwenda kwenye intaneti hata kidogo. Mtandao wetu uliishia kwenye ukuta wa uani.

Kompyuta nikaipa jina mweru. Kisha nikawaambia kila mmoja achague jina la kuingilia, jina lisilo na nafasi katikati, herufi ndogo tupu. Kaka akasema pale, samaki ambaye kila nyumba ya Nchelenge humkaanga. Binamu akataka makobo. Mdogo akafikiri, akaenda jikoni, akarudi na jina: mpumbu.

Hilo alipewa na bibi yake. Mpumbu alikuwa samaki wa sifa katika nchi ile. Mvua zikianza, walipanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kwenda kutaga mayai, na watu wakawatega wakiwa njiani, kabla hawajataga. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1940 makundi yale yalikuwa yamekwisha. Bibi huyu aliyasikia kwa wazazi wake. Mtoto wa miaka 11 alipoleta jina hilo mezani, nililiandika kwenye mashine taratibu, herufi moja moja.

Nikawapa kila mmoja nenosiri la kuanzia, nimeliandika kwenye kipande cha karatasi kilichokunjwa. Sasa hodi.

Yule binti mdogo akaanza yeye. Akaandika kwenye simu amri ya ssh, jina lake, alama ya @, na anwani ya kompyuta yetu. Akabonyeza. Kabla ya mashine kumuuliza lolote kuhusu nenosiri, ikamwonya yeye: nyumba hii huijui bado, alama yake ya kidole ni hii, unaendelea? Na chini yake mlolongo wa herufi na tarakimu 43.

"Babu, mbona inaniuliza mimi? Si mimi ndiye mgeni?"

Nilifurahi mno kwamba aliuliza. Kwa sababu anayepiga hodi naye ana haki ya kujua anapiga mlango wa nani. Usiku, mwivi anaweza kukaa kwenye kibanda kitupu akaitikia "karibu" kwa sauti tamu. Ukimtajia jina na siri yako, amekwisha kukupata. Basi nikafungua kwenye kompyuta ile alama yake ya kidole, kaka akaisoma kwa sauti, binti akaifuata kwenye simu kwa kidole chake, herufi kubwa kwa kubwa, ndogo kwa ndogo. Walikosea katikati wakarudia. Zilipolingana zote 43, akaandika yes. Tangu hapo simu yake iliikumbuka ile alama, haikumuuliza tena.

Hili la ssh lina chanzo chake. Kabla yake watu wengi waliingia kwenye kompyuta za mbali kwa njia iitwayo telnet, ambayo ilipeleka kila kitu waziwazi, nenosiri pia. Wavuvi wanalielewa: usiku ziwa likitulia, mtu akinong'ona kwenye mtumbwi, maji huyabeba maneno hadi kwa mtumbwi mwingine usiouona. Mwaka 1995, kwenye chuo cha teknolojia cha Helsinki huko Finland, mtu aliweka mtego kwenye mtandao na kuokota manenosiri yaliyokuwa yakipita. Mtafiti wa chuo kilekile, Tatu Ylönen, akaketi akaandika ssh, ili maneno yote yafungwe kwa fumbo kabla hayajaondoka kwenye terminali.

Miaka ileile, Zambia yenyewe ilikuwa ndiyo kwanza inaingia kwenye intaneti. Zamnet, iliyozaliwa katika Chuo Kikuu cha Zambia pale Lusaka, ilianza 1994. Mtu alipiga simu kwa modemu, ikalia kwa miluzi na mikwaruzo, kisha ikaja hodi ileile: jina, nenosiri.

Ikafika zamu ya siri. Skrini ya simu ikaandika neno Password na nukta mbili, na kishale kikasimama. Binti akafungua karatasi yake, akabonyeza herufi ya kwanza. Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena. Hakuna nyota, hakuna doa. Akaipiga simu kofi dogo la ubavuni.

"Inaandika," nikamwambia. "Inakusitiri tu."

Mashine za kuchapa za zamani ziliandika kwenye karatasi, na karatasi hubaki mezani. Nyingine zilichapa kwanza rundo la herufi juu ya herufi mpaka pakawa doa jeusi, ili nenosiri lako liangukie juu ya doa na asiwepo wa kulisoma. Baadaye ikaonekana heri terminali inyamaze. Ukimya huo ndio aliokutana nao binti huyu. Kwa kuwa hakuona, aliandika herufi moja mara mbili, na mashine ikamkatalia: jaribu tena. Mara ya pili akawa na haraka, ikamkatalia. Mara ya tatu akakosa, na ssh ikafunga mlango ikamrudisha nje.

Kaka yake akapiga makofi. "Hodi tatu!"

Ndiyo. Hodi tatu. Sikuwaambia mimi, ameona mwenyewe.

Wakati dada anajaribu upya, binamu akafanya jambo la kijanja. Akaandika jina ambalo sikulisajili kabisa: kambale. Alitegemea mashine imwambie hakuna mtu huyo. Haikusema. Ilimuuliza nenosiri kwa upole uleule, ikamkatalia kwa maneno yaleyale. Akaniuliza kama imeharibika. Nikamwambia afikirie mlinzi wa nyumba. Mgeni asiyejulikana akiuliza, "Fulani anaishi hapa?", mlinzi mwenye busara hasemi ndiyo wala hapana. Akisema hapana leo na ndiyo kesho, mgeni atapata orodha ya wote wanaoishi humo, kisha abaki na kazi ya kukisia siri peke yake. Mashine haikuambii kama umekosea jina au umekosea nenosiri.

Na sasa kwenye simu ya binti pakatokea mstari mfupi:

mpumbu@mweru:~$

Alama ile ya @ isomeni "katika". Mpumbu katika Mweru. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wake mkononi. Akasomewa, akasema neno kwa Kibemba ambalo sikulielewa, akarudi jikoni.

Niwape moja fupi hapa, kwa sababu kila ninapoona mstari ule wa kwanza naikumbuka. Tarehe 29 Oktoba 1969, saa nne u nusu usiku, kijana mwanafunzi, Charley Kline, alikuwa Los Angeles akijaribu kuingia kwenye kompyuta iliyo kwenye taasisi ya Stanford, mamia ya kilomita kutoka pale, kupitia mtandao mpya ambao baadaye ulizaa intaneti. Upande wa pili alikuwapo Bill Duvall, na wawili hao walikuwa wakiongea kwa simu. Kline akaandika L. Umeipata? Nimeipata. Akaandika O. Umeipata? Nimeipata. Akaandika G, na mashine ya upande wa pili ikaanguka. Ilikuwa imeundwa kumalizia neno login yenyewe, ikarudisha herufi nyingi kwa mpigo, nafasi iliyotengwa haikuzitosha. Baada ya muda wa kama saa moja wakafaulu. Kwa hiyo ujumbe wa kwanza kupita kwenye mtandao ule ulikuwa hodi iliyokatika njiani.

Watoto wote watatu walipokuwa ndani, nikawaonyesha amri ya who, yaani nani. Ukiiandika, mashine inakutajia walioingia: pale, makobo, mpumbu, na mimi. Kila jina na saa yake ya kuingia. Kila mmoja akaandika mambo yake kwenye faili zake. Makobo akajaribu kuchungulia folda ya pale, akakataliwa. Hapo ndipo utajua kwa nini mlango unauliza jina. Jina ndilo linaloiambia mashine faili zipi ni za nani, nani aone, nani abadilishe.

Lakini binti hakuwa ameridhika. Alikuwa bado ameshika ile karatasi.

"Babu, siri yangu mashine inaijua. Wewe mashine ni yako. Basi na wewe unaijua siku zote."

Mnaona swali hilo? Wakubwa waliliuliza baada ya kuumia. Kule MIT, manenosiri ya watu wote yalikaa kwenye faili moja kama yalivyo. Mwaka 1962 mwanafunzi mmoja, Allan Scherr, alikuwa anapewa saa nne tu kwa wiki na utafiti wake haukutosha humo. Ijumaa usiku akatuma kadi ya kuomba faili ile ichapwe, Jumamosi asubuhi akaichukua kama mtu anayechukua karatasi zake. Alikuja kukiri mwenyewe miaka mingi baadaye. Katikati ya miaka ya 1960 likatokea kubwa zaidi. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja, mmoja ujumbe wa salamu za kila aingiaye, mwingine faili ya manenosiri. Programu ya kuhariri ilitumia jina lilelile kwa faili zao za muda. Zikabadilishana. Alasiri ile kila aliyeingia alipokewa na siri za watu wote.

Nikamchukua binti hadi jikoni. Bibi alikuwa anasonga ubwali, yaani ugali, wa mihogo. Nikamuuliza: ubwali huu ukishaiva, bibi anaweza kuurudisha uwe unga? Akacheka. Haiwezekani. Lakini mtu akija na unga, akadai ni uleule, kwa maji yaleyale, tunaweza kusonga wa kwake tukalinganisha? Tunaweza.

Mashine yangu haiweki unga. Roger Needham wa Cambridge, Uingereza, ndiye aliyelifikiria hilo katika miaka ya 1960: nenosiri lisongwe kwa hesabu isiyorudi nyuma, na kinachohifadhiwa kiwe ubwali tu. Ukija kupiga hodi, unaleta unga wako, mashine inausonga upya, inalinganisha. Zikilingana, karibu. Na kuna chumvi, wanangu, wenyewe wanaiita hivyohivyo, chumvi. Robert Morris na Ken Thompson wa Bell Labs waliieleza katika maandishi yao ya mwaka 1979: kila mtu aongezewe punje yake ya bahati nasibu kabla ya kusongwa, aina 4,096 wakati ule, ili hata watu wawili wakichagua neno moja, ubwali wao usifanane na mwivi asijue.

"Lakini ile ya karatasi unaijua," akasema.

Ile ya karatasi naijua.

Jioni ikaingia. Wote wakakimbilia ziwani. Mitumbwi ilikuwa inatoka. Nilibaki peke yangu na kompyuta, nikaandika who. Pale hayumo, alikuwa ameaga kwa exit. Makobo hayumo. Mpumbu yumo. Binti alikuwa ameondoka na simu mkononi, ameshatoka nje ya mtandao wetu, na mashine haikujua. Ilikuwa bado inamsubiri kama mwenyeji aliyemwekea mgeni chai.

Aliporudi nikamwambia kisa changu, na sikukisimulia kwa kucheka. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo sisi sote tuliingia kwenye mfumo mmoja wa kuhesabia bidhaa. Siku moja niliitwa mlangoni, nikainuka nikaacha terminali wazi, imeandika jina langu. Niliporudi sikuona tofauti. Mwisho wa mwezi hesabu haikukubali, na mkono uliobadilisha tarakimu, kwa mujibu wa mashine, ulikuwa wangu. Mashine haikusema uongo. Ilikuwa inajua jina lililopiga hodi. Haikuwa na macho ya kuona nani ameketi. Wiki kadhaa niliamkiwa kwa sauti ya chini. Na hiyo ilikuwa bidhaa tu. Muuguzi wa Zambia anapoingia kwenye SmartCare, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, na kuandika dozi, jina lake ndilo linalobaki na dozi hiyo.

Binti akasikiliza mpaka mwisho. Akaandika exit, tukatazama who pamoja, mpumbu akawa ametoka. Kisha, bila kuambiwa, akapiga hodi tena. Jina. Siri ya karatasi, sasa hakosei. Mstari wake ukatokea.

"Ninabadilishaje?"

Nikamwambia aandike passwd. Mashine ikamuuliza nenosiri la zamani, akaliandika kizani. Ikamwambia aandike jipya.

Akasita. Akanitazama, akaigeuza simu ikaelekea kifuani.

"Babu, geuka."

Nikageuka. Mwezi ulikuwa bado haujachomoza, na taa za wavuvi wa chisense zilikuwa zimetandazwa juu ya maji mpaka upande wa Kongo. Nyuma yangu vidole vilibonyeza, vikanyamaza, vikabonyeza tena mara ya pili.